Simu za Galaxy S: Herufi moja nyuma ya boksi yaweza kula mtaji Tunduma

TUNDUMA – Katika mji huu wa mpakani ambako malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, biashara ya simu haina tofauti na biashara ya mahindi: anayejua daraja la mali anapata, na asiyejua daraja anauziwa pumba kwa bei ya unga.

Kwa sasa bidhaa inayowapa wenye maduka matumaini na wasiwasi kwa wakati mmoja ni simu za Samsung za mfululizo wa Galaxy S. Ni simu za bei ya juu kuliko nyingi zinazoonekana kwenye kabati za vioo kuanzia Tunduma, Mlowo hadi Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe. Simu moja ya aina hiyo hubeba fedha ambayo ingejaza rafu nzima ya simu za kawaida.

Tatizo ni kwamba jina "Galaxy S" si jina la simu moja. Ni jina la ukoo. Ndani yake mna ndugu wanaofanana sura lakini wanatofautiana bei, betri, kamera, na hata idadi ya laini wanazokubali. Mfanyabiashara mdogo aliyetoa mtaji wake kwa kuangalia sura tu, bila kusoma yaliyoandikwa nyuma ya boksi, anaweza kukaa na mzigo uliododa hadi toleo jipya limkute.

UKOO ULIVYOKUA

Galaxy S ya kwanza ilitoka mwaka 2010. Wakati huo kulikuwa na simu moja kwa toleo, na muuzaji hakuwa na la kuchanganya. Namba ziliendelea kupanda mwaka hadi mwaka mpaka S10 mwaka 2019, ambayo ilitoka ikiwa na ndugu kadhaa: S10e, S10, S10+ na S10 ya 5G. Mwaka 2020 kampuni iliruka namba tisa na kuita toleo lililofuata S20. Tangu hapo namba imekwenda sambamba na mwaka: S21 ni ya 2021, S22 ya 2022, S23 ya 2023, S24 ya 2024 na S25 ya 2025.

Kanuni hiyo rahisi ni silaha kwa mnunuzi wa jumla. Akiambiwa kuwa simu ni "mpya kabisa", aitazame namba kwanza. S22 iliyofungwa kwenye plastiki inayong'aa bado ni simu ya mwaka 2022.

Mwaka huohuo wa 2020 ndipo mpangilio wa ndugu watatu ulipoimarika: ya kawaida, Plus na Ultra. Mfululizo mwingine wa Samsung uliokuwa maarufu kwa kalamu yake, Galaxy Note, ulianza mwaka 2011 na kuishia kwenye Note20 ya mwaka 2020. Kalamu hiyo ilihamia ndani ya S22 Ultra mwaka 2022. Kwa hiyo mteja anayeulizia "Note mpya" kwa kweli anaulizia Ultra, na mwenye duka anayelijua hilo hampotezi mteja.

Kuna pia ndugu wa pembeni, FE, anayetoka baadaye kwa bei nafuu, na mwaka 2025 akaongezeka Edge, simu nyembamba yenye unene wa milimita 5.8.

TOFAUTI ZILIZOMO

Toleo la S25, lililozinduliwa Januari 2025, linatosha kuonyesha jinsi ndugu hao wanavyoachana.

Galaxy S25: kioo inchi 6.2, betri miliampea-saa 4,000, uzito gramu 162, chaji hadi wati 25, hifadhi kuanzia gigabaiti 128, kamera kuu megapikseli 50. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 799.99.

Galaxy S25+: kioo inchi 6.7, betri 4,900, gramu 190, chaji hadi wati 45, hifadhi kuanzia gigabaiti 256, kamera ni zilezile za S25. Bei ya kuanzia dola 999.99.

Galaxy S25 Ultra: kioo inchi 6.9, betri 5,000, gramu 218, chaji hadi wati 45, hifadhi kuanzia gigabaiti 256 hadi terabaiti 1, kamera kuu megapikseli 200, fremu ya madini ya titani, ina kalamu. Bei ya kuanzia dola 1,299.99.

Galaxy S25 Edge: kioo inchi 6.7, betri 3,900, gramu 163, chaji hadi wati 25, kamera kuu megapikseli 200, lakini haina kamera ya kuvuta vitu vya mbali. Bei ya kuanzia dola 1,099.99.

Galaxy S25 FE: kioo inchi 6.7, betri 4,900, ilitoka Septemba 2025 kwa bei ya kuanzia dola 649.99.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, mteja anayelipia tofauti ya dola 200 kutoka S25 kwenda S25+ hapati kamera bora zaidi. Anapata kioo kikubwa, betri inayodumu, chaji ya haraka na hifadhi mara mbili ya ile ya kuanzia. Muuzaji anayemwambia mteja kuwa Plus "inapiga picha kali kuliko ndogo" anajiandalia ugomvi.

Pili, bei kubwa haimaanishi betri kubwa. Edge iliuzwa ghali kuliko Plus, lakini betri yake ni ndogo kuliko ya S25 ya kawaida. Kwa dereva wa lori anayelala foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, au wakala wa forodha anayepiga simu kutwa nzima, simu nyembamba ni pambo tu. Simu yake ni Plus au Ultra. Kwa mteja anayetaka simu ya kwenda nayo harusini, hesabu inaweza kuwa nyingine.

Kwa ndani, simu za S25, S25+, Edge na Ultra zinatumia chipu moja, Snapdragon 8 Elite, na zote zina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 12 au zaidi. FE peke yake inatumia chipu nyingine, Exynos 2400.

Toleo la S24 la mwaka 2024 lilikuwa na mgawanyiko mwingine ambao bado unasumbua soko la mitumba. S24 ya kawaida ilikuwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kufanyia kazi wakati Plus na Ultra zilikuwa na 12. Aidha, S24 na S24+ zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zilikuwa na chipu ya Snapdragon 8 Gen 3, ilhali zilizouzwa sehemu nyingi za dunia zilikuwa na Exynos 2400. Ultra ilikuwa na Snapdragon kila mahali. Hivyo simu mbili za S24 zenye rangi moja na umbo moja zinaweza kuwa na mioyo miwili tofauti.

HERUFI YA MWISHO

Njia ya kuzitenganisha ni kusoma namba ya modeli, ambayo huandikwa kwenye boksi na pia huonekana ndani ya simu kwenye sehemu ya mipangilio. S25 huanza na SM-S931, Plus SM-S936 na Ultra SM-S938. Kwa toleo la S24 namba hizo ni SM-S921, SM-S926 na SM-S928.

Baada ya namba huja herufi, na hapo ndipo penye mtaji. Herufi B ni ya soko la kimataifa. Herufi U ni ya Marekani. Herufi N ni ya Korea Kusini, W ni ya Kanada, na namba inayoishia na sifuri ni ya China na Hong Kong.

Kwa Dar es Salaam tofauti hizo zinaweza kuonekana kuwa ndogo. Kwa Tunduma ni kubwa, na sababu yake ni laini.

Mfanyabiashara wa mpakani haishi na laini moja. Upande wa Tanzania ana Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL au Yas, mtandao ambao hadi Novemba 2024 ulijulikana kama Tigo. Upande wa Zambia wateja wake wako Airtel, MTN au Zamtel. Fedha za simu hupokewa pande zote mbili, na simu ya mteja wa Nakonde isipopokewa, mzigo unakwenda kwa jirani. Simu isiyochukua laini mbili kwa urahisi ni nusu simu kwa mtu wa mpakani.

Simu ya herufi B ina nafasi ya kadi mbili za laini, pamoja na uwezo wa laini ya kielektroniki isiyo na kadi. Simu ya herufi U ina nafasi ya kadi moja tu, na laini ya pili lazima iwe ya kielektroniki. Mteja aliyezoea kuchomoa kadi na kuchomeka nyingine akigundua hilo siku ya pili baada ya kununua, atarudi dukani akiwa amekunja uso.

Hali ni hiyohiyo kwa mshindani mkuu wa Galaxy S, iPhone. Zile zilizouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kadi, na iPhone Air ya mwaka 2025 haina tundu hilo katika soko lolote duniani. Anayeagiza simu za Marekani kwa sababu ya unafuu wa bei hana budi kwanza kujua kama mteja wake yuko tayari kutumia laini isiyoshikika mkononi.

Simu za Korea nazo zina lao. Sauti ya kamera wakati wa kupiga picha imefungwa kwa makusudi isizimike. Si kasoro, bali ni utaratibu wa nchi hiyo, lakini mteja asiyeambiwa mapema huiona kama ubovu.

MITUMBA NA KUFULI

Kwa kuwa bei ya simu mpya iko juu, sehemu kubwa ya wanaotamani Galaxy S huishia kwenye simu zilizokwisha kutumika. Hapa mwenye duka anapaswa kuangalia mambo matatu.

La kwanza ni kufuli la mtandao. Makampuni ya simu ya Marekani huuza simu kwa mkopo na kuifunga isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe. Simu ya aina hiyo ikifika Tunduma itawaka, itaonyesha picha nzuri, na itakataa kila laini itakayowekwa. Dawa yake ni kuweka laini ya Tanzania na kupiga simu kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayesema "laini utaiweka nyumbani" aachwe na simu yake.

La pili ni kufuli la akaunti. Simu iliyofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake ya Google au ya Samsung hudai nywila ya mwenyewe inapowashwa upya. Mara nyingi hiyo ni dalili kuwa simu imeibwa, imeokotwa, au mwenyewe bado anadaiwa. Mafundi wapo wanaoahidi kuifungua, lakini mtaji wa duka hauwekwi kwenye ahadi ya fundi.

La tatu ni namba ya utambulisho wa simu, IMEI. Ukibonyeza *#06# namba hiyo hutokea kwenye kioo, na inapaswa kulingana na iliyoandikwa kwenye boksi. Wafanyabiashara wa zamani wanakumbuka Juni 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia nchini baada ya kuwatangazia wananchi wahakiki simu zao kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090. Aliyekuwa na shehena ya simu bandia usiku ule aliamka na shehena ya vioo na plastiki.

Kuna jambo la nne ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: umri uliobaki wa simu kupata maboresho ya programu kutoka kiwandani. Samsung iliahidi miaka 7 kwa matoleo ya S24 na S25. Matoleo ya S22 na S23 yaliahidiwa vizazi 4 vya mfumo wa Android na miaka 5 ya ulinzi. S22 basi inafikia ukingoni mwaka 2027 na S23 mwaka 2028, wakati S24 itakwenda hadi 2031. Katika dunia ambamo fedha zinatunzwa ndani ya simu, kigezo hiki kinapaswa kuingia katika bei. S24 iliyotumika mwaka mmoja inaweza kuwa mali bora kuliko S22 Ultra inayong'aa zaidi kabatini.

BEI IKIFIKA MPAKANI

Bei zilizotajwa hapo juu ni za rejareja Marekani kabla ya kodi za huko. Kwa kurahisisha hesabu, dola moja ikichukuliwa kuwa shilingi 2,500, S25 inakuwa kama shilingi milioni 2, Plus milioni 2.5 na Ultra milioni 3.25. Ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, S25 inafika shilingi 2,360,000, Plus 2,950,000 na Ultra 3,835,000, kabla ya nauli, gharama nyingine za forodha na faida ya muuzaji.

Kodi hiyo ina historia yake. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa simu janja, vishikwambi na modemu ili kuwawezesha wananchi wengi kuingia kwenye intaneti. Mwaka uliofuata, 2022/23, msamaha huo ulifutwa. Kwa hiyo bei ya chini mno ya simu mpya leo ni jambo la kuhoji, kwani aghalabu maana yake ni kwamba kuna mahali kodi imerukwa.

Hapo ndipo Tunduma inapokuwa na kishawishi chake. Njia za panya zipo, na wanaozijua wapo. Lakini simu si gunia la mahindi. Ina namba yake ya utambulisho, ina boksi lenye namba, na mteja anayelipa milioni 3 huomba risiti. Mwenye duka asiye na nyaraka za mzigo wake hawezi kutoa risiti ya mashine bila kujiumbua, na bila risiti hawezi kumuuzia ofisa, kampuni wala taasisi. Anabaki kuuza kwa kificho, na anayeuza kwa kificho ndiye anayepunjwa bei.

Wapo pia wanaodhani kuwa biashara ya nchi za SADC, ambazo Tanzania na Zambia zote ni wanachama, inaondoa ushuru wa kila kinachovuka. Si hivyo. Unafuu wa SADC hufuata mahali bidhaa ilikotengenezwa. Simu za Samsung hutengenezwa kwa wingi Vietnam, na nyingine India na Korea Kusini. Kuwa zimepitia Tunduma au Nakonde hakuzigeuzi kuwa bidhaa za ukanda huu. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza hatua za kupita. Hakikufuta kodi.

Sheria nyingine mbili za mwaka 2025 zinawagusa moja kwa moja. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa. Kibandiko cha bei ya kwacha au dola dukani ni kosa. Mteja kutoka Nakonde abadilishe fedha yake kwenye benki au duka halali, kisha alipe kwa shilingi. Na amri iliyotolewa Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo, ikiwamo ufundi wa simu na uwakala wa fedha kwa simu. Katika mji ambamo watu wa pande mbili huingiliana kila siku, mwenye fremu anayepangisha meza ya fundi anapaswa kujua anampangisha nani.

HESABU YA MTAJI

Swali la msingi kwa mwekezaji mdogo ni moja: Galaxy S ina faida?

Chukua mfano wa mtu mwenye shilingi milioni 10. Kwa bei za hesabu ya hapo juu anaweza kununua S25 nne kwa shilingi 9,440,000, au Plus tatu kwa 8,850,000, au Ultra mbili kwa 7,670,000. Akichagua Ultra, duka lake zima ni simu mbili.

Tuseme anauza kila Ultra kwa faida ya asilimia 8. Atapata shilingi 306,800 kwa kila simu, jumla 613,600. Ikimchukua siku 60 kuziuza zote mbili, hiyo ndiyo faida ya miezi miwili kabla ya pango, umeme na leseni.

Sasa tuseme mwenzake amenunua kwa mtaji uleule simu 40 za kawaida za shilingi 250,000 kila moja, anapata faida ya shilingi 15,000 kwa simu, na anauza mbili kwa siku. Katika siku 60 ameuza simu 120, mtaji umezunguka mara tatu, na faida ni shilingi 1,800,000. Asilimia yake ya faida ni ndogo, yaani 6 dhidi ya 8, lakini mzunguko ndio uliomnufaisha.

Hatari nyingine ni kalenda. Kuanzia S20 hadi S25, kila toleo lilizinduliwa Januari au Februari, na toleo jipya likiingia bei ya la zamani hushuka. Tuseme imeshuka kwa asilimia 15: mwenye Ultra mbili zisizouzwa amepoteza shilingi 1,150,500 bila kuvunja hata kioo. Mkoani Songwe fedha ya wakulima wa kahawa wa Mbozi huanza kuonekana baada ya mavuno yanayoanza katikati ya mwaka. Anayenunua Galaxy S wakati huo ana miezi michache tu ya kuuza kabla ya toleo jipya. Anayejaza kabati mwezi Desemba kwa tamaa ya sikukuu anacheza na moto.

Haina maana kuwa simu hizi ziachwe. Njia inayolinda mtaji mdogo ni kuuza kwa oda: mteja anataja modeli, herufi, rangi na hifadhi, anatanguliza sehemu ya fedha, ndipo simu inaagizwa Kariakoo. Anayepewa mali kauli na muuzaji wa jumla naye aandikishiane naye namba za IMEI za kila simu, ili mzigo ukirudishwa pasiwe na maneno ya "hii si ile niliyokupa".

FAIDA ILIYOKO PEMBENI

Mara nyingi faida ya uhakika haiko kwenye simu yenyewe bali kwenye vinavyoizunguka. Tangu S21 ya mwaka 2021, simu hizi huuzwa bila kichwa cha chaja ndani ya boksi. Tangu toleo hilohilo zimekosa pia nafasi ya kuongeza kadi ya kumbukumbu. Tundu la waya wa kusikilizia muziki lilikwishaondolewa kwenye S20. Kila kilichoondolewa kwenye boksi ni bidhaa ya dukani.

Lakini hapa nako kunahitaji kujua majina. Chaja ya wati 25 itachaji Ultra, ila si kwa kasi yake ya wati 45. Kava ndizo zinazowaumiza wengi: S25+, Edge na S25 FE zote zina kioo cha inchi 6.7, lakini maumbo yao yanatofautiana na kava ya moja haikai sawasawa kwenye nyingine. Protekta ya S23 Ultra, yenye kioo kilichojikunja pembeni, haifai kwa S24 Ultra ambayo kioo chake ni bapa. Aliyenunua katoni ya kava za "inchi 6.7" bila kutaja modeli amenunua plastiki.

Kwa ufupi, mwenye mtaji anayeingia kwenye soko hili akumbuke maswali matano kabla ya kutoa fedha: namba ya toleo ni ya mwaka gani, ni ndugu yupi katika ukoo, herufi ya mwisho ni ipi, inakubali laini ngapi, na nyaraka za kodi ziko wapi. Muuzaji wa jumla mwenye mali halali atayajibu yote matano papo hapo. Akisita kwenye moja, basi la kwenda Mbeya lipo kila siku, na fedha iliyobaki mfukoni haijawahi kudoda.